Kujifunza Lugha za Wengine: Ni Wajibu au Ni Fahari?



Nilipokuwa likizoni nyumbani Igowole, wilayani Mufindi, nilikaribishwa jioni moja kwa mzee mmoja aliyeingia katika Uislamu akiwa amekwisha kupita umri wa miaka sitini. Ulikuwa mwezi wa Julai, na wenyeji wa kule waijua Julai: ukungu hushuka juu ya mashamba ya chai tangu alasiri, na watu hukaa jikoni karibu na moto. Mzee huyu amefanya kazi katika chai sehemu kubwa ya maisha yake. Tulipokwisha kula alinigeukia akasema:

"Mwalimu, wewe unafundisha ng'ambo, hebu nieleze. Nimefundishwa Sala kwa Kiarabu. Ulimi wangu ni mzito, nakosea maneno, na wajukuu wananicheka. Kwani Mungu hajui Kihehe?"

Vijana waliokuwapo waliangua kicheko. Mimi sikucheka, kwa kuwa swali hilo ni zito kuliko walivyodhani. Ndani yake mna maswali mawili. La kwanza ni la dini: kwa nini mtu ajisumbue na lugha ambayo mama yake hakumwimbia, hali Muumba wake amsikia hata akinyamaza? La pili ni la maisha yote: je, kujifunza lugha ya kigeni ni wajibu wa mwanadamu, au ni fahari tu ya wasomi wapendao kuonekana? Jioni ile nilimjibu mzee kwa ufupi. Lakini swali lake limenifuata mpaka chuoni, na ndilo ninalotaka tulitazame pamoja, wewe msomaji na mimi.

Mwenyezi Mungu azisikia lugha zote

Kwanza yatupasa kujibu kama mzee alivyouliza. Mwenyezi Mungu akijua Kihehe, na Kibena, na Kikinga, na hata kilio cha mtoto asiyejua lugha yo yote. Qur'ani Tukufu katika Sura Ar-Rum (30:23) yazihesabu tofauti za lugha zetu na za rangi zetu miongoni mwa ishara za Mwenyezi Mungu, pamoja na kuumbwa kwa mbingu na ardhi. Na katika Sura Ibrahim (14:5) twafundishwa ya kwamba kila Mtume alipelekwa na lugha ya watu wake, ili awabainishie mambo.

Tafakari basi. Jambo lililohesabiwa kuwa ishara ya Mungu haliwezi kuwa aibu. Mtu anayeidharau lugha ya kabila lake, au ya kabila la jirani yake, huidharau ishara ya Muumba wake. Kwa hiyo ye yote atakayekuambia kwamba lugha yako ni ndogo mno kwa kumwomba Mungu amekosea, hata akiwa amevaa kilemba kikubwa.

Hapo msomaji aweza kusema: Ikiwa ndivyo, basi na tubaki kila mmoja na lugha yake, shida ya kujifunza ya wengine ni ya nini? Yafaa tumsikilize msemaji huyo kwa uangalifu, kwa sababu maneno yake yaonekana kuwa ya haki. Lakini anasahau jambo moja. Mungu azisikia lugha zote. Binadamu hazisikii zote. Na maisha yetu hapa duniani hupita mikononi mwa binadamu.

Barua isomwayo na mwingine

Imepokelewa katika Tirmidhi ya kwamba Mtume Mtukufu Muhammad (s.a.w.), alipokuwa Madina, alimwamuru kijana Zaid bin Thabit (r.a.) ajifunze maandishi ya Mayahudi. Sababu yake ilielezwa wazi: Mtume (s.a.w.) hakuona amani barua zake kuandikwa na kusomwa na watu ambao hakuwa na hakika ya uaminifu wao. Zaid alikuwa na akili nyepesi, yasimuliwa ya kwamba alijifunza kwa muda wa nusu mwezi, kisha akawa ndiye amwandikiaye Mtume (s.a.w.) na kumsomea barua zilizoletwa.

Angalia sababu hii, kwa kuwa ndiyo nguzo ya makala haya. Zaid hakuagizwa kujifunza kwa kuwa lugha yake ilikuwa na upungufu. Kiarabu kilikuwa lugha ya Wahyi wenyewe! Wala hakuagizwa ili apate cheo. Aliagizwa kwa ajili ya amana. Jamii ambayo barua zake husomwa na mwingine imeiweka shingo yake mkononi mwa msomaji huyo. Akiwa mwaminifu, ni bahati yao. Akiwa si mwaminifu, wataangamia wala hawatajua siku waliyouzwa.

Jambo hili halikuwa la Madina peke yake. Nchi yetu yenyewe ililinunua somo hili kwa bei ghali. Mwezi wa Novemba mwaka 1884 Mjerumani Carl Peters aliingia Usagara, ambayo leo imo katika Mkoa wa Morogoro, akiwa na karatasi zake. Huko Msovero alifika kwa mtawala aitwaye Mangungo, na tarehe 29 ya mwezi huo mkataba ukaandikwa. Maandishi yalikuwa ya Kijerumani. Yalisema ya kwamba Mangungo anaitoa nchi yake pamoja na haki zake zote kwa shirika la Wajerumani la ukoloni. Mangungo aliweka alama yake chini ya maneno asiyoweza kuyasoma, akitegemea kinywa cha mkalimani. Haikupita miezi mitatu, tarehe 27 Februari 1885, Kaisari wa Ujerumani akatoa hati ya kuzilinda nchi zilizopatikana kwa karatasi za namna ile.

Hata leo mkataba mbaya huitwa mkataba wa Mangungo, na watu hulitaja jina lake kwa kucheka. Lakini haifai kumcheka. Mwenye hatia ni yule aliyejua kilichoandikwa akakificha, si yule aliyempokea mgeni kwa heshima. Hata hivyo, kuwa bila hatia hakukumrudishia nchi yake. Aliyedhulumiwa bila kujua amedhulumiwa vile vile.

Sasa mlinganishe na mtawala mwingine wa Afrika Mashariki. Tarehe 2 Mei 1889 Menelik wa Ethiopia alikubaliana na Italia mahali paitwapo Wuchale. Mkataba uliandikwa kwa lugha mbili, Kiamhari na Kiitaliano. Katika Kiamhari, kifungu cha 17 kilimpa Menelik ruhusa ya kuitumia serikali ya Italia katika shauri zake na mataifa mengine, akipenda. Katika Kiitaliano kifungu hicho hicho kilimlazimisha. Kwa tofauti ya neno moja Italia ikatangaza ya kuwa Ethiopia yote i chini ya ulinzi wake. Menelik alipoyajua hayo kutokana na majibu ya watawala wa Ulaya, hakubaki kuduwaa. Aliishika nakala yake ya Kiamhari, akailinganisha na ile ya Kiitaliano, akaonyesha uwongo ulipo, na mwaka 1893 akaukataa mkataba mzima. Mwishowe vita ilipiganwa Adwa tarehe 1 Machi 1896, na Waitaliano wakashindwa.

Ndugu msomaji, usidhani ninasema ya kwamba lugha peke yake ndiyo iliyoshinda vita ya Adwa; kulikuwa na majeshi na bunduki. Nasema ya kwamba Menelik alikuwa na vitu viwili ambavyo Mangungo hakuwa navyo. Alikuwa na watu walioweza kupima maneno ya mgeni, na alikuwa na karatasi iliyoandikwa kwa lugha yake mwenyewe. Angelikuwa na kimoja tu, asingeliweza kuthibitisha udanganyifu. Weka jambo hili moyoni, maana tutalirudia: lugha ya mgeni hukulinda tu ikiwa na ya kwako ingali hai mkononi mwako.

Na sisi watu wa Iringa tunalo la kwetu. Mtwa Mkwawa alipokufa mwaka 1898, kichwa chake kilikatwa na kuchukuliwa. Mwaka 1919, mataifa makubwa yalipofanya mkataba wa amani huko Versailles, Ufaransa, baada ya Vita Kuu ya kwanza, kifungu cha 246 kiliamuru Ujerumani ilirudishe fuvu la Sultani Mkwawa kwa serikali ya Uingereza katika muda wa miezi sita. Haikuwa miezi sita. Lilirudi mwaka 1954, na leo liko Kalenga. Nami hujiuliza: ni Wahehe wangapi mwaka ule wa 1919 waliojua kwamba kichwa cha mtawala wao kinatajwa katika kitabu cha sheria cha dunia? Mkataba ule uliandikwa kwa Kifaransa na Kiingereza. Wajukuu wa Mkwawa waliandikwa, lakini hawakuweza kujisoma.

Wajibu wa nani?

Msomaji mwenye akili atauliza: Je, yatupasa sote tujifunze Kijerumani, Kiitaliano na Kifaransa? Mzee wa miaka sitini na aache shamba lake akakae darasani? La hasha. Wanazuoni wa Kiislamu wamegawa wajibu katika mafungu mawili. Uko wajibu wa kila mtu peke yake, kama Sala tano. Na uko wajibu wa jamii, kama kumsalia maiti: wakiutimiza baadhi, wengine husamehewa, wasipoutimiza hata mmoja, wote wana dhambi.

Kwa maoni yangu kujifunza lugha za wengine ni katika fungu hili la pili. Kijiji hakihitaji watu elfu wenye kujua Kiingereza cha mikataba. Chahitaji wachache walio waaminifu, ambao karatasi ikija juu ya ardhi, au juu ya mkopo, au juu ya dawa ya kunyunyizia mimea, wataisoma yote hata maandishi yale madogo ya chini, kisha watawaambia wenzao kweli yote. Kijiji kisicho na hata mmoja wa namna hiyo kimo katika hatari ya Mangungo, ijapokuwa Wajerumani wameondoka zamani.

Kutokana na hayo yafuata jambo ambalo wengi wetu tuliosoma hatupendi kulisikia. Ikiwa kujifunza kwetu ni kwa niaba ya jamii, basi lugha tuliyojifunza si mali yetu. Ni amana. Zaid bin Thabit (r.a.) hakujifunza ili akae barazani akiwasemesha Maansari maneno wasiyoyajua. Alijifunza ili barua isomwe, na maana yake ifike.

Lugha iliyogeuzwa kuwa pambo

Lakini twaona nini mara nyingi? Mzazi huuza ng'ombe ili mtoto wake afundishwe kwa Kiingereza; naye mtoto arudipo likizo, wa kwanza kumwonea haya ni mzazi yule yule. Mtu hupewa nafasi ya kusema katika mkutano wa kijiji, naye huchanganya maneno ya kigeni, si kwa kuwa Kiswahili kimemwishia, bali ili wasikilizaji wajue kwamba hawako sawa naye. Na walimu wa dini tusijitoe. Mara ngapi mmoja wetu husimama akamwaga Kiarabu kirefu mbele ya watu waliotoka shambani, akashuka bila ya kuwafasiria hata neno moja, na watu wakasema "Mashallah, huyu kasoma"? Wamesifu sauti. Maana hawakupewa.

Mtu wa namna hiyo amejifunza lugha ili kufunga mlango, hali lugha iliwekwa kuwa mlango wa kufunguliwa. Katika Sura Al-Hujurat (49:14) twaambiwa ya kwamba tumefanywa mataifa na makabila ili tujuane, na ya kwamba mheshimiwa zaidi mbele ya Mungu ni mchaji zaidi. Hakusemwa kuwa ni yule mwenye lugha nyingi zaidi.

Nisije nikaonekana nawahukumu wengine, nitakusimulia lililonipata mimi mwenyewe. Ni la aibu, lakini huenda likamfaa mwenzangu.

Bibi yangu, mama wa baba, ndiye aliyenilea Igowole. Lugha yake ilikuwa Kihehe. Kiswahili alikisikia sokoni na kwa wafanyakazi wa chai waliotoka makabila mengine, lakini hakukizoea. Kwake nacho kilikuwa lugha ya wageni. Mimi nilikipata shuleni, kisha nikapata Kiingereza, kisha nikapelekwa chuo cha dini nje ya nchi, ambako nilisoma Kiarabu na Kiurdu. Niliporudi likizo ya kwanza, baada ya miaka kadhaa, nilikuwa nimejaa lugha kama gunia la mahindi, na nilijiona.

Bibi alikuwa mgonjwa. Alinitazama nikisali karibu na kitanda chake. Nilipomaliza aliniuliza: "Umesema nini na Nguluvi?" Ndivyo sisi Wahehe tunavyomwita Mwenyezi Mungu. Nikaanza kumweleza kwa Kiswahili. Akatikisa kichwa, akataka nimwambie kwa lugha aliyonibebea mgongoni. Nikajaribu. Ndugu msomaji, sikuweza. Kihehe changu kilikuwa cha mtoto wa kuchota maji na kufukuza mbuzi. Niliweza kuomba ugali; sikuweza kueleza rehema, wala msamaha, wala Siku ya Malipo. Nilitafuta maneno nikapata ya Kiurdu! Mwishowe binamu yangu, aliyeishia darasa la saba, aliketi kati yetu akawa mkalimani: mimi nasema Kiswahili, yeye anamwambia bibi. Bibi akawa anamtazama yeye, si mimi.

Nilirudi chuoni. Kabla ya likizo iliyofuata alikuwa amefariki. Inna lillahi wa inna ilaihi raji'un. Tangu hapo nimewafundisha wanafunzi wa mataifa mengi, na nimetoa hotuba mbele ya watu wengi. Lakini mtu aliyenipenda kuliko wote alinisikia kwa kinywa cha mwingine. Mimi niliyejifunza lugha nne ili nisisomewe barua na mtu, nilimfanya bibi yangu asomewe moyo wangu na mtu.

Wala sikilaumu Kiswahili. Ndicho kinachoniwezesha kusema nawe sasa hivi, na ndicho kilichomfanya Mhehe, Mbena na Mkinga wakae katika mstari mmoja wa chai wakaelewana. Serikali ilipokifanya kuwa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi mwaka 1967, iliwafungulia watoto wengi mlango. Ninalosema ni kwamba kila lugha tunayoongeza yaweza kukaa kando ya ile ya kwanza, au yaweza kuisukuma nje. Lugha hazina miguu. Anayeisukuma ni mwenyewe.

Waliorudi na mzigo

Wako waliofanya vizuri kuliko mimi, nasi na tuige kwao. Mwalimu Julius Nyerere alizaliwa Butiama, na lugha aliyonyonya ilikuwa Kizanaki. Kiswahili alijifunza, na Kiingereza alijifunza mpaka akapata shahada katika Chuo Kikuu cha Edinburgh mwaka 1952. Akafanya nini nacho? Pamoja na mengine alikaa akatafsiri tamthilia mbili za Shakespeare kwa Kiswahili: ya Julius Caesar mwaka 1963, na Mabepari wa Venisi mwaka 1969. Alikuwa kiongozi wa nchi wakati huo, mwenye shughuli nyingi kuliko wewe na mimi. Alitaka mtu asiyejua Kiingereza apate alichokipata yeye.

Katika Jumuiya yetu vile vile tunao mfano wa pande mbili. Sheikh Mubarak Ahmad alifika Afrika ya Mashariki mwaka 1934 akitoka Bara Hindi. Hakuwaambia Waswahili wajifunze Kiurdu ndipo wamwelewe. Alijifunza Kiswahili yeye, akafanya kazi miaka mingi, na mwaka 1953 Qur'ani Tukufu ikatoka Nairobi kwa Kiarabu pamoja na tafsiri yake ya Kiswahili na maelezo. Naye Sheikh Kaluta Amri Abedi, mtoto wa Ujiji, alivuka bahari upande wa pili akaenda kusoma Rabwah, Pakistan. Yeye ndiye aliyetoa mwaka 1954 kitabu cha sheria za kutunga mashairi pamoja na diwani yake, ambacho washairi hukitegemea mpaka leo. Mmoja alikuja na mmoja akaenda, na wote wawili walijifunza ili wampe mtu kitu.

Hii ndiyo mizani ninayokupa, msomaji. Ukitaka kujua kama mtu amejifunza lugha ya kigeni kwa wajibu au kwa fahari, usimsikilize akiisema. Mtazame siku arudipo kwa watu wake. Je, amerudi na mzigo wa kuwagawia, au amerudi na kioo cha kujitazama?

Jawabu la mzee

Sasa turudi jikoni kwa mzee wa Igowole, ambaye tumemwacha akisubiri.

Nilimwambia: "Baba, Mungu akijua Kihehe. Maneno machache ya Kiarabu uliyofundishwa ni ya namna mbili za faida. Kwanza, ndiyo maneno yenyewe yaliyoteremshwa. Tafsiri ni kazi ya mwanadamu, yaweza kupungua, na asili ndiyo ya kuirudia, kama nakala ile ya mkataba inayowekwa sandukuni. Pili, maneno hayo hukuweka katika safu moja na ndugu zako. Ukienda Mbeya, ukienda Mombasa, ukienda Ghana au Indonesia, imamu akisoma Alhamdu utajua uko wapi katika Sala, na hutakuwa mgeni. Hiyo ni sehemu ndogo, na kila mtu aweza kuipata polepole. Anayeisoma kwa shida huku akijitahidi hana aibu mbele ya Mungu. Aibu ni ya anayemcheka. Lakini haja zako mwenyewe, baada ya maneno yale yaliyowekwa, mwombe Mungu kwa Kihehe. Hata ndani ya Sala, katika sijda, mwombe kwa lugha ambayo machozi yako yanaijua." Hivi ndivyo alivyotuhimiza Seyidna Ahmad (a.s.), ya kwamba mtu aombe dua katika Sala kwa lugha yake pia, ili moyo uhudhurie.

Mzee alinyamaza kidogo. Kisha akasema: "Vyema. Basi nawe nipe Alhamdu kwa Kihehe, nijue ninachosema."

Nikaona ni lile lile swali la bibi, limerudi baada ya miaka zaidi ya ishirini. Safari hii sikukimbilia Kiswahili. Nilimwambia ukweli kwamba sijui, ila tukae tutafute. Tukakaa. Mimi nilieleza maana ya Kiarabu, yeye na mkewe wakatafuta maneno. Tulikwama katika neno Rabb. Nilisema ni Bwana, wakanipa neno la mtu mkubwa mwenye amri. Nikasema halitoshi: ni Yule aumbaye kitu kikiwa dhaifu, kisha akilee hatua kwa hatua mpaka kifikie ukamilifu wake. Mzee akafikiri, akaniuliza: "Kama miche ya chai? Unaiweka kivulini, unaimwagilia, unaizoesha jua kidogo kidogo, mpaka iweze kusimama shambani yenyewe?" Nikasema, ndiyo, kama hivyo. Akataja neno la Kihehe wanalotumia kwa kazi hiyo, ambalo sikuwa nimelisikia tangu utotoni. Wajukuu waliokuwa wakicheka walikuwa wamenyamaza, na mmoja wao alitafuta kalamu akaandika.

Nimesoma maelezo ya neno Rabb kwa Kiarabu na kwa Kiurdu. Lakini nakiri kwamba jioni ile, karibu na moto, nililielewa zaidi, na aliyenielewesha hajui kusoma vizuri. Lugha ya kigeni ilinipa neno, na lugha ya bibi yangu ikanipa maana yake. Laiti ningalikosa moja kati ya hizo mbili, ningalikuwa na nusu tu.

Basi, ndugu msomaji, jifunze lugha ya wengine kadiri ya uwezo wako na haja ya watu wako. Kama u kijana, shika moja na uishike barabara, kwa maana nusu ya lugha ni mkalimani asiyeaminika. Kama u mzazi, msomeshe mwanao, lakini usiache kusema naye nyumbani kwa lugha ya babu zake. Kama u mgeni katika dini, usiogope Kiarabu wala usikiabudu; jifunze maneno yako machache pamoja na maana zake, neno kwa neno. Na kama umejaliwa kujua zaidi ya wenzako, jiulize jioni ya leo: Yuko nani nyumbani kwangu ambaye bado anasomewa barua na mwingine?

Mwenyezi Mungu atujalie ndimi za kweli na masikio ya kusikilizana, na atusamehe tuliochelewa. Amin.